Maji Yaelekezwe kwa Nani?

Anayepanda Mwamba wa Tororo asubuhi isiyo na ukungu huuona Mlima Elgon upande wa kaskazini, na chini yake tambarare ndefu ya mpunga, mhogo na vinamasi. Mvua inayonyesha mlimani hugawana njia. Ya magharibi huteremkia Mto Manafwa. Ya kusini hukusanywa na Malakisi na Malaba, mito ya mpakani kati ya Kenya na Uganda, na yote hiyo huishia kwenye vinamasi vya Mpologoma, kisha Ziwa Kyoga. Ya mashariki huingia Nzoia, ambao hupokea pia maji ya vilima vya Cherangani, ukapita Trans Nzoia, Bungoma, Kakamega na Siaya hadi tambarare ya Bunyala katika Kaunti ya Busia, unapomwagika Ziwa Victoria. Mto Sio nao hutoka Bungoma, ukawa mpaka wa nchi mbili karibu na mji wa Busia, kisha ukaingia ziwani.

Ziwa Victoria lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja. Maji yakitoka hapo huteremka hadi Kyoga, na huko hukutana na yale ya Manafwa na Malaba yaliyopita njia nyingine. Kwa hiyo mvuvi wa Port Victoria, mkulima wa Butaleja, mchuuzi wa Malaba na mwenye kibanda ufukweni Majanji wamefungwa na maji yale yale, hata kama hawajawahi kuonana. Mafuriko yanapokuja, kila hatua inayochukuliwa kumwokoa mmoja huyapeleka maji mahali pengine, na mahali hapo pana watu. Tangu mwaka 1961 viongozi, wahandisi na wanakijiji wa eneo hili wamekuwa wakiamua watu hao ni akina nani. Mara nyingi wameamua bila kuwauliza.

Mvua za uhuru

Mwishoni mwa mwaka 1961 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki yalipata joto kuliko kawaida, huku upande wa Indonesia yakipoa. Hali hiyo huvuta mawingu kuja kwetu, na mwaka huo iliyavuta kwa wingi usio wa kawaida. Mvua za vuli, ambazo aghalabu huwa fupi, hazikukoma. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 mvua ikinyesha, Uganda ikafuata Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963, na muda wote huo Ziwa Victoria likazidi kupanda. Ndiyo sababu mvua hizo hukumbukwa kwa jina la uhuru. Kufikia mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, na kipimo cha Jinja kikasoma karibu mita 13.4.

Mita 2 kwenye ukingo wa mwamba si kitu. Kwenye fukwe za Samia na Bunyala, ambako nchi ni tambarare, ni kijiji kizima. Gati zilizama, mashamba ya pwani yakageuka mafunjo, na mito iliyozoea kumwaga maji yake ziwani ikakuta ziwa limeinuka mbele yake. Mto ukizuiwa mdomoni hurudi nyuma na kutanda. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulielewa kuhusu Bunyala: mafuriko yake huwa na vyanzo viwili, mto unaoshuka kutoka milimani na ziwa linalokataa kuupokea.

Jinja tayari kulikuwa na lango. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954, na kuanzia hapo kiasi cha maji kinachoingia Nile kiliamuliwa na milango ya chuma badala ya mwamba wa asili. Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba milango hiyo ifunguliwe kwa kufuata jedwali maalumu: ziwa likisimama kiwango fulani, maji yatoke kiasi kile kile ambacho yangetoka kama bwawa lisingekuwepo. Misri iliweka mhandisi wake Jinja kulisimamia hilo. Wenyeji wa fukwe za Kenya, Uganda na Tanganyika hawakuwa na mtu mezani, kwa kuwa nchi zao zilikuwa bado chini ya utawala wa kikoloni.

Mvua za uhuru zililijaribu jedwali hilo mapema. Ziwa lilipanda kupita kiwango cha juu kabisa kilichokuwa kimeandikwa, na wahandisi wakalazimika kuirefusha hesabu ili wajue wafungue kwa kiasi gani. Maji yaliyotoka Jinja yaliongezeka zaidi ya mara mbili ikilinganishwa na miaka ya nyuma. Kyoga nalo likafurika. Somo lilikuwa wazi tangu wakati huo, kwamba hakuna namna ya kuwashushia maji watu wa Victoria bila kuwapandishia watu wa Kyoga. Lilichukua karibu miaka 60 kurudi na ukali ule ule.

Tuta la Bunyala

Baada ya uhuru Serikali ya Kenya ilikuwa na njia mbili za kushughulikia Nzoia ya chini. Ya kwanza ilikuwa kuwahamisha watu tambarare. Ya pili ilikuwa kuuzuia mto. Udongo wa Bunyala ni mweusi na wenye rutuba kwa sababu mto umekuwa ukiuleta kwa karne nyingi. Samaki wako karibu. Mradi wa mpunga wa Bunyala ulikuwa umeanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Nani angekubali kuiacha ardhi ya namna hiyo? Basi ukachaguliwa ukuta. Kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 matuta ya udongo yalijengwa pande zote mbili za mto, zaidi ya kilomita 30 kwa jumla, kutoka sehemu za Ruambwa kuelekea ziwani.

Kwa miaka kadhaa matuta yalifanya kazi yake. Watu wakajenga karibu zaidi, shule zikaongezeka, wakalima hadi mguuni pa tuta. Lakini tuta hubadilisha mafuriko bila kuyaondoa. Zamani Nzoia ulipojaa ulitanda polepole, maji yakafika magotini, yakaacha tope jipya, yakaondoka. Ulipofungwa kati ya kuta mbili, tope lote linalotoka mashamba ya juu lilianza kubaki ndani ya mto wenyewe. Sakafu ya mto ikainuka mwaka hadi mwaka, na kwenye baadhi ya sehemu maji ya mto uliojaa husimama juu kuliko ua wa jirani. Tuta likivunjika sasa, maji hayatandi. Yanashuka kwa nguvu.

Na tuta la udongo huvunjika kwa sababu ndogo ndogo. Ng'ombe huteremka hapo kunywa maji na kuacha njia. Fuko na panya huchimba. Mtu hupitisha bomba lake la kumwagilia, mwingine huchota udongo wa kufyatulia matofali. Anayelinda tuta usiku wa mto kujaa hamuliki mtoni, maana mto kila mtu anausikia. Hugeuza tochi upande wa kavu, kwenye mashina ya nyasi, akitafuta mahali maji yanapobubujika. Yakitoka maangavu, tuta linavuja tu na huenda likastahimili hadi kuche. Yakitoka na matope, udongo wa ndani unaliwa. Hapo hakuna kusubiri idara wala mhandisi. Watu huitana, magunia hujazwa udongo na kupangwa duara kuzunguka chemchemi ile, ili maji yapande ndani ya duara na kupungua nguvu. Wakati huo huo, nyumbani, mwingine anafungua kamba za ng'ombe.

Mwaka 2003 tuta lilipasuka. Likapasuka tena 2007, likapasuka 2008, likapasuka Desemba 2011. Kila mara maelfu waliondoka kwa mitumbwi na kwa miguu hadi kwenye miinuko ya Port Victoria na Mukhobola, wakaishi kwenye mahema ya Msalaba Mwekundu wiki hadi miezi, wakarudi.

Kuna jambo ambalo kila mkazi wa Bunyala analijua na ambalo ripoti nyingi hulipita haraka. Tuta la kusini likivunjika, tuta la kaskazini hupona, kwa sababu mto umepata pa kwenda. La kaskazini likivunjika, kusini hupumua. Kwa hiyo kila ukarabati ni uamuzi wenye uzito. Ukiimarisha kilomita 5 upande mmoja na kuziacha kilomita 5 zinazotazamana nazo, umeshachagua watakaolowa.

Kwingineko uchaguzi wa namna hiyo umefanywa waziwazi. Tarehe 29 Aprili 1927, Mississippi ulipokuwa umejaa kupita kumbukumbu zote, wakuu wa Louisiana walilipua kwa baruti tuta la Caernarvon ili kuuokoa mji wa New Orleans. Maji yaliingia kwenye wilaya za St. Bernard na Plaquemines, kwa watu waliokuwa wawindaji, wavuvi na wakulima wadogo. Waliahidiwa fidia. Wengi walipata kidogo sana, na wengine hawakupata kitu. Uchungu wake ulizidi kwa sababu matuta mengine ya juu yalivunjika yenyewe baadaye, na ikaonekana kuwa mji ungeweza kupona bila ya mlipuko ule. Bunyala mto hujichagulia mahali pa kutokea, lakini hutokea penye udhaifu, na udhaifu huo huwa umeachwa na mtu aliyepanga bajeti mwaka uliotangulia.

King'ora cha Manafwa

Upande wa Uganda, Manafwa unaposhuka kutoka Bududa, wilaya ya mlimani, hufika Butaleja, wilaya iliyokuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 2005. Hapo ndipo palipo na mradi wa mpunga wa Doho, uliojengwa kwa msaada wa China kati ya 1976 na 1989. Maji yanayoulisha mpunga huo ndiyo yanayouzamisha. Kila kipande cha mlima kinachoporomoka Bududa huteremka kama tope hadi Doho, kikajaza mifereji, kikainua sakafu ya mto.

Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa, na watu wapatao 300 wakapotea. Serikali ya Uganda iliamua kuwahamisha manusura hadi Kiryandongo, mbali upande wa magharibi ya nchi. Walipewa ardhi, lakini si ndizi na kahawa zao, wala hewa ya baridi ya Elgon, wala makaburi ya wazazi wao. Baadhi walirudi mlimani. Mwaka 2018, Oktoba, matope na mawe yaliyosukumwa na mto yaliangamiza makumi ya watu Bukalasi, wilaya hiyo hiyo. Mwaka uliofuata ukaanza mpango mwingine, wa nyumba za kudumu Bunambutye katika Bulambuli, karibu zaidi na mlima na miongoni mwa watu wa lugha moja. Tofauti ya mipango hiyo miwili inafaa kuzingatiwa na kila anayesema kwamba watu wa mafuriko ni wakaidi. Anayehamishwa hupima yote anayoyaacha, na akikuta kwamba aliyemhamisha hakuyapima, hurudi.

Butaleja yenyewe ilichagua njia ya tatu, yaani kuonywa. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano pamoja na Tume ya Mawasiliano ya Uganda waliweka kando ya Manafwa ving'ora viwili vinavyotumia nguvu ya jua, vikiongozwa kutoka makao makuu ya wilaya. Mpango ulikuwa kwamba mto ukipanda kupita kiasi, king'ora kilie na watu waondoke. Ng'ambo ya Busia, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikuwa imeanzisha kituo cha redio cha jamii cha Bulala huko Budalang'i, Bunyala, kikitangaza habari za mvua na mto kwa lugha inayoeleweka kijijini.

King'ora na redio humpa mtu saa chache. Saa chache zikitumiwa vizuri huokoa roho, ng'ombe na mbegu. Lakini onyo huacha swali lake bila jibu: twende wapi? Kama hakuna mwinuko uliotengwa, choo, maji safi na mahali pa kufunga mifugo, baba atabaki kulinda nyumba, na mama ataondoka na watoto akiwa amechelewa.

Mwaka 2020: lango la Jinja

Mwishoni mwa mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilirudia hali ya 1961. Vuli ilinyesha kupita kiasi, na masika ya 2020 yakaja juu ya ardhi iliyokuwa bado imeshiba maji. Ziwa Victoria likapanda wiki baada ya wiki. Majanji, Sio Port na Port Victoria, vibanda vya kukaushia omena vilianza kuzama. Visiwa vya mafunjo vilichomoka kingoni vikaelea. Tarehe 14 Aprili kimoja kiliziba mitambo ya umeme ya Nalubaale, jina jipya la Owen Falls, na Uganda nzima ikaingia gizani.

Waliokuwa na ufunguo wa lango walikumbuka pia lawama za upande wa pili. Mwaka 2005 na 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kufikia kiwango cha chini kabisa katika miaka 80 hivi. Ukame ulichangia, lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba Jinja ilikuwa imetoa maji kuliko jedwali linavyoruhusu ili kuzalisha umeme. Wakati huo wavuvi wa Kenya walilalamika kwamba boti zao zimekaa kwenye tope. Sasa, miaka 14 baadaye, watoto wa wavuvi wale wale walitaka lango lifunguliwe.

Lilifunguliwa. Serikali ya Uganda, kupitia Waziri wa Maji na Mazingira Sam Cheptoris, ilitangaza kuongeza maji yanayotoka hadi kiasi cha mita za ujazo 2,400 kwa sekunde, kiwango kisichopata kuonekana katika historia ya bwawa hilo. Waliokuwa chini waliambiwa waondoke kingoni. Fukwe za Kyoga zilizama, Ziwa Albert likapanda, na mwaka huo na uliofuata vinamasi vya Sudan Kusini vikafurika vibaya, huko mvua za kwao zikichangia. Hata hivyo Victoria halikushuka upesi. Ziwa la ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 haliwezi kushushwa kwa siku chache kwa mlango mmoja. Mwezi Mei lilifikia kiwango cha 1964 na kukipita kidogo.

Wahandisi wa Jinja hawakuwa peke yao katika uamuzi wa aina hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti 2017, mvua za kimbunga Harvey zikiendelea kunyesha Houston, Jeshi la Wahandisi la Marekani lilifungua milango ya mabwawa ya Addicks na Barker. Mabwawa hayo yalijengwa kuukinga mji, na kama yangeachwa yajae kupita kiasi hatari ingekuwa kubwa zaidi. Maelfu ya nyumba zilizokuwa zimenusurika na mvua ziliingiwa na maji ya bwawa. Wenye nyumba walikwenda mahakamani, na kesi zao zikaendelea kwa miaka. Tofauti na Kyoga ni kwamba wale wa Houston walikuwa na hati za nyumba na mawakili, wakaweza kuuliza mbele ya hakimu kwa nini wao.

Mapema Mei 2020 Nzoia nao ukapasua tuta. Mto ulikuwa umejaa kutoka juu, na ziwa lilikuwa limejaa kutoka chini. Familia za Bunyala zilihamia kwenye miinuko, shuleni, makanisani na kandokando ya barabara. Huo ulikuwa pia mwaka wa korona. Kenya ilikuwa imepata mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi, na maafisa wa afya walikuwa wakiwaambia watu wakae mbali mbali wakati hema moja lilipaswa kulaza familia mbili. Huko Malaba na Busia malori yalikuwa yamepanga foleni ya kilomita nyingi yakisubiri vipimo vya madereva. Magari hayo ndiyo yaliyobeba mafuta, unga na vifaa vya nchi kadhaa. Chifu wa Bunyala aliyetaka kuwaondoa watu wake mtoni alikuwa anawapeleka kwenye msongamano ambao Wizara ya Afya ilikuwa imeukataza. Alichagua mafuriko kuwa adui wa kwanza, na yaelekea alichagua sawa, kwa kuwa maji yanaua usiku huo huo.

Kufikia katikati ya mwaka huo mafuriko na maporomoko yalikuwa yameua zaidi ya watu 200 kote Kenya.

Mto unapopita mjini

Watu wa mjini huzoea kuyaona mafuriko kama shida ya wakulima wa tambarare. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 ulilibadilisha wazo hilo Mbale, mji mkubwa ulio kaskazini ya Tororo. Mvua ilinyesha Elgon, na mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo zake ndani ya mji. Basi dogo la abiria lilisombwa. Zaidi ya watu 20 walikufa. Mabomba makuu ya maji yalikatika, na takriban watu 400,000 wakakosa maji safi kwa sababu ya maji mengi.

Mbale ilikuwa imejengwa hadi ndani ya kingo. Nyumba za kupanga za Namatala zilikuwa zimesogea ukingoni kwa sababu hapo kodi ni nafuu, na karakana na maduka yamesogea kwa sababu hapo ni karibu na barabara. Baada ya maafa serikali ilisema wajengao karibu na mito waondoke. Hilo ni agizo jepesi kulitoa na gumu kulitekeleza, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kuwa na risiti ya halmashauri, na mpangaji hana pengine pa kwenda kwa bei ile.

Nairobi iliona jambo hilo hilo mwaka 2024. Mvua za masika zilikuwa zimeua karibu watu 300 nchini, wakiwemo makumi waliosombwa Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, pale maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli yalipotoboka. Serikali ya Kenya iliagiza watu wahame kutoka kandokando ya mito na mabwawa. Iliyataja mabwawa na hifadhi za maji 178 kuwa hatari. Kwa baadhi ya sehemu agizo lile liliokoa maisha. Huko Mathare na Mukuru matingatinga yalibomoa nyumba za watu waliokuwa wamepoteza mali yao kwa maji siku chache kabla, mvua ikiwa bado inanyesha, na wakabaki bila paa lolote. Kumhamisha mtu kutoka hatarini na kumnyima pa kulala ni mambo mawili, na mamlaka iliyafanya kama jambo moja.

Mwezi wa Mei 2024 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.66, juu ya rekodi ya 1964 na ya 2020. Fukwe za Bunyala na Samia zilizama tena.

Shamba la Angololo

Kenya sasa inajaribu kuufanya ukuta wa Nzoia uwe sehemu ya mpango mpana zaidi. Mradi wa umwagiliaji wa Nzoia ya Chini, uliofadhiliwa kwa pamoja na Benki ya Dunia na Ujerumani kupitia benki ya KfW, unahusu mashamba ya Siaya na Busia na unajumuisha kazi ya matuta. Kwa miongo kadhaa pamekuwepo pia wazo la bwawa kubwa huko juu, Webuye likiwa miongoni mwa mahali palipotajwa. Bwawa hilo lingeweza kuukamata mto kabla haujafika tambarare. Lingezamisha mashamba ya Bungoma ili kuyakinga ya Busia, na watu wa Bungoma wanayo haki ya kuuliza wanapata nini.

Hatua iliyofika mbali zaidi mpakani ni ya Mto Malaba. Kupitia ushirikiano wa nchi za Bonde la Nile, Kenya na Uganda zimeandaa mradi wa bwawa la Angololo, na Benki ya Maendeleo ya Afrika imefadhili uchunguzi wake. Bwawa hilo litakuwa mpakani, likigusa Busia na Bungoma upande mmoja na Tororo na wilaya jirani upande wa pili. Litatoa maji ya kunywa, ya kumwagilia na umeme kidogo, na litapunguza kishindo cha mto huko chini.

Kwa mara ya kwanza katika historia hii, uamuzi wa nani atoe ardhi yake unafanywa wakati wa kiangazi, mvua ikiwa mbali, na watu wenyewe wakiwa bado nyumbani kwao. Wateso wanaoishi pande zote mbili za Malaba ni jamii moja, wanaoana na kuzikana, lakini ardhi yao iko chini ya sheria mbili, sarafu mbili na wakadiriaji wa serikali mbili. Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, wakadiriaji hao watalazimika kuafikiana thamani ya ekari ya mhogo iliyo ng'ambo hii na ile inayoitazama ng'ambo ya pili, malipo ya kila kaburi litakalohamishwa, na mahali watakapopelekwa wenye makaburi hayo. Wazee wa vijiji vya pande zote mbili wanapaswa kuwa kwenye kikao hicho tangu siku ya kwanza, pamoja na wajumbe kutoka Butaleja, ambako maji ya Malaba na Manafwa huelekea kinamasi kimoja.